Usasi wa Zanzibar: Tunaiogopa bunduki, tunausahau waya

Kila zinaposambaa katika simu picha za paa aliyefungwa miguu, au za kundi la wasasi, yaani wawindaji, wakitoka msituni na mbwa wao, mjadala wetu hugawika papo hapo. Wapo wanaotaka usasi upigwe marufuku moja kwa moja Unguja na Pemba. Wapo pia wanaouona kuwa ni mila ya wazee na kinga ya mashamba, isiyofaa kuguswa na watu wa mjini wasioujua uchungu wa konde la muhogo lililofukuliwa usiku mmoja. Kila upande una ukweli wake, lakini pande zote mbili zinabishana juu ya jambo lisilokuwa kiini, yaani kama watu waende usasi au wasiende. Swali linaloamua hatima ya wanyama hawa na usalama wa watu wanaoishi nao ni jingine: windo linakufa vipi, kwa chombo gani, baada ya muda gani, na nani yupo upande wa pili chombo hicho kinapofyatuliwa. Hoja yangu ni kwamba chombo kibaya kuliko vyote katika visiwa hivi ni tanzi la waya, ambalo halina kelele na kwa hiyo halitokei katika picha, na kwamba sera inayowabana wasasi wanaoonekana bila kuligusa tanzi inaongeza mateso badala ya kuyapunguza.

Windo letu ni dogo. Hatuna nyati wala pofu. Tuna kanga, kwale, njiwa pori na tetere, tuna paa wa aina chache, na tuna wale wanaowindwa kwa sababu ya uharibifu wao, hasa kima na nguruwe pori. Chui, aliyekuwa mwindaji mkubwa kuliko wote Unguja, alihusishwa kwa muda mrefu na uchawi, na kampeni ya kumwangamiza iliyoendeshwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ilimmaliza kiasi kwamba wataalamu wengi leo wanamhesabu kuwa ametoweka. Kutoweka kwake kumemwacha binadamu, pamoja na mbwa wake, kuwa ndiye mwindaji mkuu wa kisiwa, na hilo lina uzito pande zote mbili za mjadala: linampa msasi kazi ambayo hakuna kiumbe mwingine anayeifanya, na linamfanya awajibike kwa idadi ya wanyama kuliko msasi wa bara, ambako mnyama aliyepungua bonde moja huweza kujazwa na wale wa bonde la jirani. Kisiwa hakina jirani wa kukijaza.

Paa nunga, aina ya paa aliye adimu, ndiye anayeonyesha hatari hiyo kwa uwazi zaidi. Makadirio ya 1983 yalimweka katika idadi ya karibu 5,000 hapa Unguja. Kufikia 1996 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 2,000, na makadirio ya 1999 yalizungumzia wanyama wapatao 600 tu. Ukataji wa misitu na uwindaji ndivyo vilivyotajwa kuwa sababu. Baadhi yao walihamishiwa visiwa vidogo vya Chumbe na baadaye Mnemba ili wawe akiba, na kamera zilizowekwa katika misitu ya Boni na Dodori, pwani ya kaskazini ya Kenya, zimethibitisha kwamba wapo wengine huko kwa wingi uliowashangaza watafiti. Hata hivyo, kuwepo kwao Kenya hakumwongezei hata mmoja anayeishi Mtende au Jozani. Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu, Namba 10 ya 1996, iliweka msingi wa vibali na wa mikataba ya hifadhi kati ya serikali na vijiji, na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kwa maneno mengine, hatuanzi bila kitu. Sheria ipo, na kamati za vijiji zipo. Kilicho haba ni masharti kuhusu namna ya kuua.

Jambo jipya, ambalo naona halijaeleweka vya kutosha, ni mabadiliko ya ardhi yenyewe. Uwanda wa mawe wa mashariki na kusini, kuanzia Kiwengwa na Pongwe hadi Jambiani na Makunduchi, ulikuwa mahali ambapo msasi aliweza kutembea asubuhi nzima akikutana na wakata kuni wawili au watatu tu. Leo hoteli zimepanda kutoka ufukweni, viwanja vimepimwa nyuma yake, barabara zimekata vichaka, na watu wa kazi za ujenzi wanapita njia za mkato alfajiri na magharibi. Kichaka kinachoonekana kitupu kina mwanamke anayefunga mzigo wa kuni, mchoma chokaa aliyelala kando ya tanuri, na watoto wa skuli wanaotafuta zambarau. Matokeo yake ni kwamba njia za wazi za usasi, zenye kelele na watu wengi, zinazidi kuwa ngumu na kulalamikiwa, huku njia ya kimya ikizidi kuwa rahisi. Mtu mmoja anaweza kutega matanzi kadhaa wakati anakwenda shambani, akarudi bila mtu yeyote kujua alichofanya.

Wanaotaka marufuku kamili wana hoja nzito, na ni haki kuitaja kwa ukamilifu wake. Wanasema kwamba katika kisiwa kidogo, chenye watu wengi na msitu unaopungua, hakuna idadi ya ziada ya kuwindwa. Kwamba kibali cha mnyama mmoja hugeuka kisingizio cha kumwua mwingine. Na kwamba paa na paa nunga hukaa vichaka vimoja, hivyo anayeruhusiwa kumfuata wa kwanza atamfikia wa pili. Kwa upande wa paa nunga nakubaliana nao bila sharti. Mnyama huyo hastahili kuwindwa na mtu yeyote, kwa kibali wala bila kibali, na kwa maoni yangu vichaka anamojulikana kuwepo vifungwe kwa kila aina ya usasi. Ninapotofautiana nao ni pale wanapodhani kwamba katazo likishaandikwa, kifo hukoma. Katazo lisilo na askari wa kutosha huwaondoa kwanza wale wanaoogopa kuonekana: kundi lenye kiongozi, lenye majina, linalojulikana kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia. Halimwondoi mtegaji wa tanzi, kwa sababu yeye hakuwa akionekana tangu mwanzo.

Wanaoutetea usasi nao hawasemi ovyo. Mkulima wa uwandani analima katika mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe, na nguruwe wakiingia usiku hawachukui sehemu, wanageuza konde zima. Kima hula mahindi mabichi, migomba na maboga, na wana akili ya kumsoma mlinzi. Hasara hiyo haifidiwi na mtalii anayempiga picha kima mwingine huko Jozani, isipokuwa kwa wale wachache wanaopata mgao wa mapato ya hifadhi. Wakati huohuo, madai dhidi ya mnyama yanahitaji kupimwa. Utafiti uliofanywa pembezoni mwa Jozani katika miaka ya 1990 kuhusu kima punju, yaani kima wekundu wa Zanzibar, waliokuwa wakilaumiwa kwa kula nazi changa, uligundua kwamba miti waliyoila zaidi haikupungukiwa na mavuno, kwa kuwa mnazi wenyewe huangusha sehemu kubwa ya vidaka vyake hata usipoguswa. Kilio cha mkulima si cha uongo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuamua kuua, tujue nani anaharibu nini, kwa sababu dawa ya nguruwe si dawa ya kima, na ya kima si ya ndege.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika kwa wingi vijijini, ni ile isemayo kwamba tanzi ni chombo cha upole: hakina risasi ya kumjeruhi mtu, hakina mbwa wa kumrarua mnyama, ni cha masikini asiyeweza kununua bunduki, na mnyama hufa kimya. Ukimya huo ndio unaotudanganya. Mtego wa kawaida wa paa hutegwa katika kijia chake, kwa kuwa paa ni mnyama wa mazoea, hupita njia ileile asubuhi na jioni na huweka kinyesi chake mahali palepale. Mti mchanga hukunjwa ukawa kama upinde, waya wa breki ya baiskeli au uzi wa chuma uliotolewa ndani ya tairi bovu hufungwa kitanzi, na kitanzi hushikizwa shubiri moja na kitu juu ya ardhi. Niliwahi kuonyeshwa mahali ambapo paa alinaswa kwa mguu wa nyuma. Ardhi ilikuwa imekwanguliwa duara kamili, upana wa urefu wa waya, mpaka jiwe likatokeza; gome la mti lilikuwa limesagika upande mmoja; na waya ulikuwa umezama katika mguu hadi kwenye mfupa, nyama ikiwa imevimba juu na chini yake. Duara lile halichimbwi kwa dakika tano. Ni kazi ya usiku kucha, na pengine ya mchana uliofuata.

Kama waya ukimkamata shingoni na fimbo ikaruka kwa nguvu, mnyama hufa haraka kiasi. Lakini mtegaji hachagui shingo. Kinachochagua ni hatua ya mnyama. Akinaswa kiunoni au mguuni, hufa kwa kiu, kwa kidonda, kwa kuliwa akiwa hai na siafu au mbwa wanaozurura, au kwa misuli kuharibika kutokana na kuhangaika, hali ambayo humwua paa hata akifunguliwa na kuachwa aende zake. Tanzi halichagui aina wala jinsia: humnasa paa nunga kama paa, jike mwenye mimba kama dume, kanga, ngawa, na mbwa wa jirani. Wazee waliotega kwa kamba ya usumba walikuwa na kikomo ambacho hawakukiwekea sheria, kwa kuwa kamba ile ikinyeshewa masika moja huoza na kukatika. Waya hauozi. Mtego uliosahauliwa na mwenyewe, kwa sababu aliumwa, alipata kibarua hotelini au alishindwa tu kukumbuka alipoutega, huendelea kukamata miezi mingi baadaye wanyama ambao hakuna atakayewala. Hoja ya umasikini nayo inaangukia hapo: chakula kinachooza kichakani hakimshibishi masikini, na kinamwondolea yule ambaye angekikuta hai mwakani.

Sisi Waislamu, tulio wengi wa visiwa hivi, tuna kipimo kingine, ambacho nashangaa hakitajwi katika mikutano ya hifadhi, na hicho ni fiqhi ya uwindaji, yaani hukumu za dini kuhusu windo. Surat al-Maida, katika aya ya 3, inawataja miongoni mwa walioharamishwa mnyama aliyekufa kwa kukabwa koo na aliyekufa kwa kipigo, isipokuwa akiwahiwa na kuchinjwa. Kwa hiyo paa aliyekutwa amekufa katika tanzi ni mzoga, na anayeiuza nyama yake bila kusema anawalisha watu nyamafu. Adiy bin Hatim alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu windo lililopigwa kwa mti wa kurusha, alijibiwa kwamba lililotobolewa na ncha ale, na lililogongwa na ubavu wa mti asile, kwani hilo limekufa kwa kipigo. Aya ya 4 inaruhusu windo la mnyama aliyefunzwa, na hadithi ya Adiy inaongeza kwamba mbwa akianza kulila windo, mwenye mbwa asilile, maana mbwa huyo amejikamatia mwenyewe. Ukizitazama hukumu hizi kwa pamoja, utaona zinadai ujuzi: chombo kinachotoboa, mbwa anayetii, mtu aliye karibu na kisu kikali, na jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa. Wavu uliosimamiwa na mtu unatimiza masharti hayo kuliko tanzi, kwa sababu mnyama hufikiwa akiwa hai na anaweza kuchinjwa ndani ya dakika moja, na kama ni paa nunga anaweza kuachiwa.

Lakini hapo ndipo lilipo pengo ambalo naliona kuwa kubwa zaidi. Mnyama anayeliwa ana angalau ulinzi wa tumbo la mwindaji: asipomfikia mapema, nyama imeharamika. Nguruwe na kima hawana ulinzi huo. Hawaliwi na Waislamu, kwa hiyo hakuna anayeharakisha kifo chao. Nguruwe hupigwa mkuki wa tumbo na kuachwa akimbie. Kima hupigwa mawe, au hurushiwa marisau, yaani chembe ndogo za risasi, kutoka mbali, akaenda kufa juu ya mti siku ya tatu. Watu wema kabisa, ambao hawatathubutu kumchinja kuku kwa kisu butu, husema juu ya nguruwe kwamba yule ni adui tu. Hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyopokewa na Muslim, haikubaliani nao. Inasema kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, kisha inataja mambo mawili yaliyotengana: mnapoua, ueni vizuri; na mnapochinja, chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe anayemchinja. Kuua kumetajwa peke yake kabla ya kuchinja, na kwa hiyo kunamhusu hata mnyama asiyeliwa. Mharibifu wa shamba anaweza kuondolewa. Kuteswa kwake hakujaruhusiwa na sheria ya dini wala hakuna faida kwa shamba, kwa kuwa nguruwe mwenye mkuki ubavuni hawaelimishi wenzake wasirudi.

Tukija kwenye bunduki, hofu ya watu ina msingi, ila mara nyingi inalenga mahali pasipo. Bunduki ya marisau, ikitumiwa na mtu anayeijua, ndiyo inayompa kanga au kwale kifo cha haraka kuliko vyombo vingine vyote tulivyonavyo. Tatizo ni umbali. Marisau madogo ya ndege hutawanyika kadiri yanavyokwenda, na baada ya mita 35 hivi hayana tena wingi wala nguvu ya kuua kwa uhakika. Ndege aliyepigwa mita 50 huondoka na chembe mbili za risasi mwilini, na msasi husema amemkosa. Kumbe hakumkosa, amemjeruhi. Lakini marisau hayohayo, yasiyoweza kumwua kanga, yanaweza kusafiri zaidi ya mita 200 na bado yakatoboa jicho la mtu. Risasi ya bunduki ndogo ya .22, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5 ikipigwa kwa kuinuliwa. Uwanda wetu ni tambarare, hauna kilima cha kuipokea, na mawe yake magumu huidundisha pembeni. Kwa hiyo sharti la kwanza la usalama na sharti la kwanza la huruma ni moja: usifyatue mpaka umemtambua mnyama kwa uhakika, yu karibu, na unaona ardhi au shina litakaloipokea risasi nyuma yake. Kumpiga kima juu ya mti, mbingu ikiwa nyuma yake, ni kuituma risasi kijiji cha pili.

Kumtambua mnyama si jambo dogo katika vichaka hivi. Paa nunga ni mwekundu wa kahawia, ana kishungi kichwani, madoa meupe miguuni na mkanda mweupe matakoni; paa mdogo wa kawaida ni wa rangi ya kijivu na kahawia, hana kishungi, na hana mkanda. Katika picha tofauti hiyo ni wazi. Kichakani msasi hupewa mgongo unaopita kati ya majani kwa muda wa kupepesa jicho, na gizani, chini ya mwanga wa kurunzi, hupewa macho mawili yanayong'aa tu. Ndiyo maana sioni hoja yoyote ya kuruhusu usasi wa kurunzi. Anayefyatua kuelekea macho yanayong'aa hajui ni mnyama gani, hajui ana mtoto au hana, na hajui nani amejibanza nyuma yake. Vilevile sharti la kuitoa risasi bundukini kabla ya kupanda jiwe, kuruka shimo au kupita chini ya miba linapaswa kuwa la lazima, si ushauri. Mawe ya uwandani ni makali na yana mashimo yaliyofunikwa na majani, na msasi anayejikwaa na bunduki iliyojazwa ni hatari kwa mwenzake anayetembea mbele yake.

Manati ya watoto nayo hupita bila kutazamwa. Mtoto akimpiga tetere kwa kokoto, mara nyingi humvunja bawa na kumwacha chini ya mti. Abdullah bin Mughaffal alisimulia kwamba Mtume alikataza kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa haviui windo wala havimdhuru adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Sijui maelezo mafupi na sahihi zaidi ya hayo kuhusu manati, na mwalimu wa chuo cha Kurani anaweza kuyasomesha bila kusubiri semina.

Mbwa wanastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Kundi la mbwa wenye njaa humrarua paa kabla mwenye kisu hajafika, na hilo peke yake latosha kudai kwamba mbwa wa usasi wawe wachache, wameshiba na wanaitikia mwito. Zaidi ya hapo, Pemba imetufundisha kwa gharama kubwa kuhusu kichaa cha mbwa. Kampeni ya chanjo ya mbwa iliuondoa ugonjwa huo kisiwani 2014, ukaingia tena kutoka nje 2016, na ilibidi chanjo irudiwe kwa bidii mpaka ukakomeshwa tena 2018. Mbwa wa usasi hung'atana na wanyama wa porini na hupelekwa kijiji hadi kijiji. Kumpa msasi kibali bila kuuliza cheti cha chanjo cha mbwa wake ni kuuweka ushindi ule rehani. Mikono ya msasi pia inahitaji kinga. Mwezi Julai 2022 homa ya mgunda ilitangazwa mkoani Lindi, na vijidudu vyake hupita katika mkojo wa wanyama na kuingia kwa mtu kupitia michubuko ya ngozi. Mtu anayechuna windo akiwa na vidole vilivyochanwa na miba avae glavu au mfuko wa plastiki, na aoge kwa sabuni kabla hajawashika watoto.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yote ni ya karatasi, na kwamba vijiji haviwezi kuyasimamia. Historia ya popo wa Pemba inanipa sababu ya kutokubaliana nao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilidhaniwa kwamba mnyama huyo, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, yumo ukingoni mwa kutoweka kwa sababu ya kukatwa kwa misitu na kuwindwa kwa bunduki. Katika miaka ya 1990 vijiji vyenye viota vyake, Kidike kikiwa maarufu kuliko vyote, vilianza kuvilinda vyenyewe, na katika muongo uliofuata hesabu zilipita 20,000. Askari wa Idara ya Misitu hawakulala chini ya kila mti. Wanakijiji walijua nani ana bunduki, walikubaliana mahali ambapo hatafyatua, na waliona faida ya makubaliano hayo kwa macho yao. Usasi wa ardhini ni mgumu zaidi kusimamia, kwa sababu popo hukaa mti unaojulikana na paa hana mti, lakini ujuzi unaohitajika ni uleule wa mtu wa kijijini anayezijua njia.

Kutokana na hayo naona mpangilio wa hatua tofauti na ule unaozungumzwa sasa. Badala ya kuanza na mbwa na bunduki, tuanze na waya. Kutega tanzi la chuma kuwe kosa popote, ndani ya hifadhi na nje yake, bila kujali mnyama aliyenaswa, na kundi la wasasi linalotaka kibali litakiwe kwanza kusafisha eneo lake na kukabidhi matanzi liliyoyang'oa kwa kamati ya hifadhi ya shehia. Hakuna anayejua yanapotegwa kuliko wao, na kwa kuwa tanzi huwanyang'anya windo, maslahi yao yanakwenda na yetu. Kibali kitaje jina la kiongozi anayewajibika, mipaka ya eneo, vyombo vinavyoruhusiwa, na siku, ambayo sheha ataitangaza msikitini na dukani ili wakata kuni na wachoma chokaa wasiingie upande huo. Kipindi cha mvua, wakati kanga na kwale wanapotaga na kulea, ndege wapumzishwe. Kwa nguruwe na kima, kibali kitolewe kwa shamba lililokaguliwa na kuonekana limeharibiwa, na baada ya uzio wa miba na ulinzi wa zamu kujaribiwa. Najua gharama za ukaguzi huo si ndogo kwa serikali, na sitegemei zianze kulipwa kesho. Hata hivyo, sehemu ya kuhusu waya haihitaji fedha nyingi. Inahitaji uamuzi, na inahitaji wahifadhi wakubali kukaa meza moja na wasasi ambao mpaka sasa wamekuwa wakiwakimbiza.

Sharti moja zaidi ningependa liandikwe katika kila kibali, kwa maneno yasiyoacha nafasi ya kubishana. Mnyama akijeruhiwa, usasi wote usimame. Bunduki zitolewe risasi, mbwa wafungwe kamba, na watu wafuate damu mpaka mnyama apatikane na kumalizwa, awe kanga, awe kima au awe nguruwe. Ikiwa giza litaingia kabla hajapatikana, kiongozi amwarifu sheha usiku huohuo na warudi alfajiri, na kibali chao kisitumike tena mpaka aeleze nani alifyatua, kwa umbali gani, na kwa nini.